Jina la kikundi nusura litutoe roho

Msomaji wangu, kama hujawahi kukaa kikao cha watu wazima 19 wanaotafuta jina la kikundi, mshukuru Mungu wako. Hilo ni balaa ambalo siwezi kumwombea hata mwenye nyumba wangu, na yeye mwenyewe anajua tulivyo.

Kumpa mtoto jina ni kazi nyepesi. Bibi akisema aitwe hivi, mnaitika "sawa bibi", baba mtu ananuna siku mbili, yanakwisha. Lakini wafanyabiashara! Kila mmoja kwake ni bosi. Kila mmoja akiamka asubuhi anajiita mkurugenzi, hata kama ofisi yenyewe ni meza na mwavuli. Sasa waambie watu wa namna hiyo wakubali jina moja, tena litakaloandikwa kwenye fulana watakazovaa wote. Utakoma mwenyewe.

Mimi nachapa fulana, kadi za harusi na mabango, hapa hapa Kinondoni. Kwa maana nyingine, majina ya watu ndiyo unga wangu. Kutwa napokea majina ya saluni, ya bucha, ya timu za maveterani wenye vitambi, ya kamati za harusi ambazo zitakufa Jumatatu baada ya harusi. Yapo ya bomba na yapo ya kutia huruma. Kuna jamaa aliwahi kuniletea jina la duka lenye maneno tisa, anataka liandikwe kwenye kofia. Kofia! Nikamwambia kaka, wewe unachotaka ni turubai.

Basi, kikundi chetu kilianza kienyeji tu. Tulikuwa watu watano tunaofahamiana, tukawa tunakutana Jumanne saa 12 jioni nyuma ya mgahawa mmoja, tunakunywa chai na kupeana wateja. Ndiyo kazi ya kikundi, hakuna siri nyingine. Mtu wa kupamba kumbi akipata harusi, anamwambia bwana harusi keki nenda kwa fulani, kadi nenda kwa fulani, picha nenda kwa fulani. Hatukopeshani. Hilo tulilikataa mapema, maana tangu ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kikundi cha kukopeshana nacho kina usajili wake na utaratibu wake, na pia kwa sababu tunajuana. Ukimkopesha fundi simu, usitegemee kumwona Jumanne.

Watano tukawa tisa, tisa tukawa 19. Yupo mama wa chakula anayepeleka sahani kwenye majengo yanayojengwa. Yupo fundi wa madirisha ya aluminiamu, dada wa keki, jamaa wa bima ambaye havui tai hata jua likiwaka vipi, mwenye bajaji tatu, mzee mmoja mhasibu mstaafu, dada wa saluni, muuza rangi na wengineo. Grupu letu la WhatsApp lilikuwa linaitwa "Jumanne saa 12", kwa sababu aliyelifungua alikuwa na haraka.

Hapo hatukuwa na shida. Shida ilikuja tulipochanga. Kila mtu alitoa shilingi 20,000, ikapatikana 380,000 ya bango, fulana na muhuri, na mzee mhasibu akasema hela ya watu haikai kwenye soksi ya mtu mmoja, tufungue akaunti. Benki wakataka katiba, muhtasari wa kikao, barua ya serikali ya mtaa, na jina. Jina! Tukaangaliana kama wanafunzi walioulizwa nani kavunja kioo.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee mwenyewe. Huyu ametumika ofisi za umma zaidi ya miaka 30, kwa hiyo jina kwake lazima liwe na heshima ya faili. Akavaa miwani, akasoma: "Jumuiya ya Wafanyabiashara Wadogo na wa Kati wa Kinondoni, Magomeni na Vitongoji Vyake." Watu wakapiga makofi kidogo, ya adabu. Mimi nikaanza kupiga hesabu ya herufi. Jina lile kwenye fulana lingeanzia kifuani, likapita chini ya kwapa na kumalizikia mgongoni.

Mzee hakutishika. Alisema kila kitu cha maana nchi hii kina kifupi chake, na hapo hakukosea. Tumekuwa na MKUKUTA, tumekuwa na MKURABITA, tuna BAKITA, na hakuna aliyekufa. Akageuza karatasi, kifupi chetu kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: JUWAWAKAKIMAVI.

Dada wa keki akakisoma polepole, kwa sauti. Alipofika mwisho akanyamaza, akaweka kiganja mdomoni. Msomaji, kisome na wewe taratibu, hasa zile herufi nne za mwisho. Kikao kiliahirishwa dakika kumi. Mwenye bajaji alitoka nje kabisa, tukawa tunamsikia anacheka barabarani peke yake.

Lakini acha utani. Hata bila ule mkosi wa mwishoni, mimi nilikuwa na ugomvi na neno "wadogo". Nani amekwambia mimi ni mdogo? Biashara yangu inaweza kuwa na mashine mbili tu, sawa, lakini kwa nini nichape udogo wangu kwenye kifua changu, kwa hela yangu, niutembeze mjini? Ofisi zikituita wadogo kwenye makaratasi yao ni haki yao, wanatupanga mafungu. Mteja hapangi mafungu. Mteja anataka kujua kama kadi zitatoka Ijumaa.

Jumanne iliyofuata ikawa zamu ya jamaa wa bima. Yeye alikuja na kompyuta ya mapajani na majina sita, yote ya Kizungu. Lililomkaa rohoni lilikuwa "Elite Business Circle". Alilitamka vizuri sana, tai imemkaba, mkono mmoja mfukoni. Baadhi ya vijana wakaanza kuitikia kwa vichwa, maana kusema kweli lilikuwa linasikika ghali.

Mama wa chakula akanyoosha mkono. "Mwanangu, samahani, hiyo elaiti ndiyo nini?"

"Mama, ni kama kusema watu wa juu, waliochaguliwa."

"Aa. Basi sisi wa chini mtatuweka meza gani?"

Alisema kwa upole kabisa, wala hakuwa amekasirika. Jamaa akafafanua, akafafanua tena, akazidi kuzama. Hata hivyo nitamtendea haki. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema kampuni kubwa zinazotoa tenda za chakula na fulana huandika barua zake kwa Kiingereza, na karatasi yenye jina la Kiswahili la mtaani inaweza kutupwa kapuni kabla haijasomwa. Hilo lipo, nimeliona. Lakini nikamuuliza, katika wateja tuliopeana tangu tuanze, wangapi walitoka kwenye tenda na wangapi walitoka kwenye simu ya "nenda kwa fulani"? Mzee mhasibu alikuwa na daftari. Tenda haikuwepo hata moja.

Nina kipimo changu cha majina, nimekipata dukani na sikukisoma popote. Simama kituoni Magomeni jioni, daladala zinapiga honi, bajaji zinapita, mpigie mtu simu umtajie jina la biashara yako. Akilisikia mara ya kwanza na akaweza kuliandika bila kukuuliza herufi, una jina. Akisema "nini? nini? hebu nitumie meseji", una mzigo. Ile "Elite" nilimtumia mdogo wangu kwa njia hiyo hiyo. Aliandika "Ilaiti". Halafu akauliza ni dawa ya nini.

Na wenye hela zao nyingi je, hawahangaiki? Wanahangaika sana. Wazee wa simu za mwanzo mnakumbuka Celtel. Mwaka 2008 ikawa Zain, watu hawajamaliza kuzoea, mwaka 2010 ikawa Airtel, na kila mara mabango nchi nzima yanapakwa upya. Mwaka 2024 Tigo nayo ikageuka Yas, na mpaka leo ukipita mitaani utasikia mtu anasema "nirushie kwa Tigo". Hawa wana wataalamu na bajeti ya kutosha kujenga shule. Kwa upande mwingine, mabasi yale ya Kimara yalipoanza mwaka 2016 yalikuwa na jina lake rasmi, Mabasi Yaendayo Haraka. Wabongo wakaliangalia mara moja wakaliacha. Wakasema mwendokasi, ikaisha hiyo, na leo hata watangazaji wa redio wanasema mwendokasi. Mji huu una tabia ya kukupa jina lake usipompa lako la kueleweka. Ndiyo maana nilikuwa nawahimiza wenzangu tuwahi, tusije tukaitwa "wale wanywa chai wa Jumanne".

Jina likakwama. Tukasema basi tuanze na kaulimbiu, labda ndiyo itavuta jina. Hapo ndipo tulipoingia kwenye zengwe lenyewe.

"Umoja ni nguvu," akasema muuza rangi. Hakuna aliyepinga na hakuna aliyefurahi. Maneno hayo nimeshayachapa mara nyingi kiasi kwamba nimeyahifadhi kwenye mashine, nabonyeza kitufe kimoja yanatoka. Ya vikundi vya akina mama, ya kwaya, ya chama cha waosha magari. Ukivaa wewe, ukivaa mwingine, sawasawa.

Dada wa saluni akajaribu kuyachangamsha: "Basi tufupishe. Nguvu Moja!"

Mungu wangu. Nusu ya kikao ilisimama. Nguvu Moja ni ya Simba, kila mtoto anajua, na tulikuwa na Yanga tisa mle ndani, wengine wa kuzaliwa. Mwenye bajaji akasema yeye fulana yenye maneno hayo hata ya bure hatafutia vumbi kiti. Akapendekeza "Daima Mbele, Nyuma Mwiko", kwa kusudi tu la kuwasha moto, na kweli moto ukawaka. Dakika 40 nzima zikaenda kwenye ligi. Nikajifunza kitu cha kibiashara pale: rangi za fulana zetu haziwezi kuwa nyekundu wala kijani wala njano. Tulimaliza kikao tumeamua bluu, na hilo likawa jambo pekee tulilokubaliana kwa wiki tatu.

Mama wa chakula naye alileta la wahenga: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lilisifiwa sana mpaka fundi simu, ambaye kawaida hasemi, akauliza, "Sasa kama kizuri kinajiuza, sisi tunakutana hapa kufanya nini?" Mama mwenyewe alicheka, akalifuta.

Siku hizo nilikuwa nasoma soma habari za vikundi vya wenzetu, maana nilidhani labda kuna siri. Rotary, hawa tunaowaona na gurudumu lao, walianza Chicago mwezi Februari mwaka 1905 wakiwa watu wanne tu: mwanasheria Paul Harris, muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Fundi cherehani, msomaji! Yaani kama sisi tu. Jina lenyewe halikuwa na makuu, lilitokana na kuzunguka, kwa sababu vikao vyao vya mwanzo vilizunguka ofisi ya huyu leo, ya yule kesho. Walitazama wanachofanya wakakiita jina. Kaulimbiu zilikuja baadaye. Mojawapo, aliyoianzisha mwenzao Arthur Sheldon, kwa Kiswahili changu inasema anayehudumia vizuri zaidi ndiye anayefaidi zaidi, na nyingine inatanguliza huduma mbele ya nafsi. Zote mbili zilipitishwa rasmi mwaka 1950, yaani miaka 45 tangu wale wanne wakutane. Niliposimulia hayo kikaoni, jamaa wa bima akasema tusisubiri miaka 45, benki inafunga saa tisa.

Lakini aliyenifungua macho hakuwa Mmarekani. Nilikwenda Kariakoo kununua fulana tupu, nikapitia Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya kanga. Pale palikuwa na wadada wawili wanachagua. Walikuwa hawaangalii maua wala rangi, wanafungua pindo moja kwa moja na kusoma jina. Mmoja anasoma, mwenzake anasema, "Hapana, hii ataielewa vibaya." Wanasoma nyingine. "Hii je?" "Hii kali mno, mama mkwe naye atakuwepo." Nilisimama najifanya nachagua ya mama yangu, kumbe natega sikio. Kanga ni biashara ya kaulimbiu tangu zamani za babu zetu, na wanawake wa pwani ndio mabingwa. Jina la kanga lina mtu wake. Linavaliwa ili fulani alisome, na fulani akilisoma anajua limemlenga nani. Sisi kwa wiki tatu tulikuwa tunatunga maneno ambayo hayamlengi mtu yeyote duniani.

Niliondoka na hilo kichwani, ila sikuwa na jibu. Jibu lilikuja kwa njia mbaya.

Mama wa chakula alikuwa na mteja wake mkubwa, msimamizi wa jengo moja la ghorofa, anayechukua sahani 40 kila siku za mafundi wake. Bwana huyu alikuwa anamalizia nyumba yake mwenyewe, akamwuliza mama kama anamfahamu fundi wa madirisha. Mama akamtaja fundi wetu, palepale, kwa moyo mweupe. Yule bwana akatoa malipo ya awali, 600,000. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili, fundi anasema profaili za aluminiamu hazijafika. Ya tatu simu haipokelewi. Wiki ya nne msimamizi hakugombana na mtu. Alihamisha sahani zake 40 kwa mama ntilie mwingine.

Hebu fikiria hiyo hesabu. Aliyechelewesha madirisha ni mwingine, aliyepoteza sahani 40 kwa siku ni mwingine.

Jumanne ile hakuna aliyeagiza chai. Fundi alikuja, tena alikuja mapema, na nampa heshima kwa hilo, maana angeweza kuchapa lapa. Akajitetea kwamba hela aliitumbukiza kwenye kazi nyingine iliyokwama, kwamba ataimaliza. Halafu akasema neno ambalo liliharibu hali ya hewa: "Lakini huyu ni mteja wangu, makubaliano ni yangu na yeye. Kikundi hakihusiki."

Watu wakamaindi. Wengine wakasema afukuzwe, wengine wakasema kweli, kikundi si mahakama, kila mtu na kimeo chake. Jamaa wa bima akawa upande wa fundi, akasema kwa lugha ya kazi yake kwamba tukianza kubeba hasara za watu tutafilisika. Nikahisi kabisa kikundi kinakwenda na maji. Zile 380,000 zingegawanywa, kila mtu angechukua chake na salamu zingebaki za barabarani.

Mama alikuwa hajasema. Aliposema hakuinua sauti.

"Mimi sidai hela. Nataka niseme nilichomwambia yule baba. Sikumwambia kuna kikundi. Hajui kikundi. Nilimwambia, baba, nenda kwa huyu kijana, ukifika mwambie nimekutuma mimi. Basi. Alikwenda na jina langu, na jina langu ndilo lililorudi limechafuka. Nyie mnatafuta jina wiki ya ngapi hii? La kwangu lipo, na mmeshalitumia."

Pakawa kimya. Hata mlio wa jiko la mgahawa ulisikika. Dada wa keki ndiye aliyevunja ukimya, taratibu, kama anajisemea: "Mwambie nimekutuma."

Kila mtu aliielewa kwa wakati mmoja, naapa. Maneno hayo tunayasema kila siku. Dar nzima inayasema. Unamwelekeza mtu kwa fundi, kwa daktari, kwa muuza mchele, na mwisho unamalizia hivyo, mwambie nimekutuma. Tunayasema kama chumvi, bila kuangalia tumeweka kiasi gani. Kumbe kila ukiyasema umeweka jina lako rehani kwenye duka la mtu mwingine. Na hapo niliwakumbuka wale wadada wa Mtaa wa Uhuru. Maneno haya yana mtu wake. Fundi akiyasoma anajua anaambiwa yeye.

Usidhani yalipita kirahisi. Mzee mhasibu aliona hayana heshima ya barua. Jamaa wa bima aliuliza swali la maana, "Tukiyaandika mgongoni, halafu mteja aje kunidai mimi niliyemtuma?" Tukabishana mpaka saa tatu usiku, na nadhani kile ndicho kilikuwa kikao chetu cha kwanza cha kweli, vingine vyote vilikuwa vya chai. Tulikubaliana hivi: aliyetuma halipi deni la mtu, lakini lazima ampigie mteja ndani ya siku saba kuuliza kama amehudumiwa. Aliyepokea mteja wa mwenzake akikwama, anamwambia aliyemtuma kwanza, kabla mteja hajaanza kupiga simu. Na anayezima simu kwa mteja wa mwenzake, Jumanne asije. Tukapiga kura. Kumi na wawili ndiyo, watano hapana, wawili walikaa na mikono yao mapajani.

Fundi wa aluminiamu alinyoosha mkono kwenye ndiyo. Nilimwangalia usoni nione kama anazuga. Sikuona.

Jina lenyewe baada ya hapo lilichukua robo saa. Mwenye bajaji akasema tunakutana mahali pamoja, siku moja, tunapiga soga na kupeana dili, hiyo kwa Kiswahili cha mjini inaitwa kijiwe, tunajificha nini? Mzee akagoma kidogo. Kwake yeye kijiwe ni wavuta sigara wasio na kazi, na ujana wake aliwahi kukimbizwa na mgambo kwenye kijiwe. Tukamwambia mzee, mbona vijiwe vya kahawa vya Kariakoo wazee wenzako wamezungumza siasa na biashara miaka yote na hakuna aliyewafukuza? Akacheka, akasema hao walikuwa na koti. Ikapita: Kijiwe cha Jumanne. Herufi 16, inaenea kifuani bila kugusa kwapa. Tukalitafuta kwenye mfumo wa BRELA tusije tukawa tumekanyaga jina la mtu, maana wakikuta limefanana na la mwingine wanakurudisha. Halikuwepo.

Binti wa benki alipolisoma kwenye fomu alitabasamu. "Kijiwe?" akauliza. Mzee mhasibu, aliyelipinga, ndiye aliyejibu kwa ukali: "Ndiyo, kijiwe. Cha Jumanne. Kuna tatizo?" Kabla hatujaondoka binti aliuliza kinakutana wapi, kaka yake anauza vioo.

Fulana nilizichapa mwenyewe, bluu, na nilitoza gharama tu, wasije wakasema nimekula. Jina liko mbele, kifuani. Kaulimbiu iko mgongoni, chini kidogo ya shingo, ili mteja anayekufuata nyuma aisome. Madirisha ya yule msimamizi yalifungwa wiki ya sita, na fundi alimpelekea mwenyewe mama wa chakula picha, moja moja, dirisha kwa dirisha, mpaka mama akamwambia inatosha mwanangu, nimeona. Zile sahani 40 hazijarudi zote. Zimerudi 15. Jamaa wa bima bado ana kadi zake za Kiingereza, alizichapisha kwangu, na fulana anaivaa juu ya tai.

Juzi Jumamosi aliingia kijana dukani, anataka kadi 50 za kipaimara. Akaegemea kaunta, akasema, "Nimetumwa na jamaa mwenye bajaji." Nikajua sasa ananitafutia punguzo. Nikamwuliza, "Amekwambia nikupunguzie?"

"Hapana kaka. Amesema Alhamisi atanipigia aniulize kama zimetoka."

Nikaacha chai yangu mezani, nikawasha mashine.